Barua ya wazi kwa wakuu wa vyuo vikuu: jubilei ya kituo cha wanafunzi ianzie stoo

Kwa Makamu Wakuu wa Vyuo, Wenyeviti wa Mabaraza ya Vyuo, Washauri wa Wanafunzi na Marais wa Serikali za Wanafunzi,

YAH: MAADHIMISHO YA VITUO VYA WANAFUNZI

Waheshimiwa,

Tunaowaandikia ni watunza kumbukumbu, mafundi wa majengo na watu tunaofanya kazi na serikali za wanafunzi. Ombi letu ni moja. Kituo cha wanafunzi, yaani jengo lenye kumbi na ofisi za chama chao, kinapokaribia miaka 25, 50 au 100, fedha za kwanza na muda wa kwanza viende kwenye kumbukumbu zake na kwenye jengo lenyewe, kabla ya fulana, mahema na mgeni rasmi. Miaka miwili kabla ya siku ya sherehe si mapema mno. Miezi mitatu, ambayo ndiyo kamati nyingi hupewa, inatosha kuchapisha fulana tu.

Tunawaandikia ninyi kwanza, wanafunzi baadaye, na tuna sababu. Maktaba ina wakutubi wake, na kitivo kina walimu wanaokaa miaka 30. Kituo cha wanafunzi ni jengo ambalo wenyewe huhama wote ndani ya miaka mitatu au minne, na uongozi wake hubadilika kila mwaka. Rais mpya anakuta ofisi yenye meza, viti na kabati ambalo funguo zake hazionekani. Mihtasari ya vikao imo kwenye kompyuta binafsi ya katibu aliyehitimu. Nywila ya ukurasa wa mtandao imefungwa kwenye namba ya simu isiyopatikana tena. Makaratasi ya miaka ya nyuma yalishapelekwa stoo, yakapangwa chini ya ndoo za rangi, kwa sababu kila uongozi ulihitaji nafasi. Hakuna aliyeiba wala aliyekusudia kuharibu. Kituo kinasahau kwa jinsi kilivyoundwa, na ninyi mnaobaki ndio pekee mnaoweza kukizuia kisisahau.

Tuanze na tarehe, maana hapo ndipo kamati nyingi hujikwaa. Jengo moja lina siku tano au sita za kuzaliwa: chama cha wanafunzi kilipoundwa, jiwe la msingi lilipowekwa, mkandarasi alipokabidhi funguo, wanafunzi walipoanza kulitumia, utepe ulipokatwa, na jina la sasa lilipotolewa. Umoja wa wanafunzi wa Wisconsin, Marekani, uliundwa mwaka 1907, lakini jengo lake, Memorial Union, lilifunguliwa mwaka 1928. Cambridge Union, chama cha midahalo cha wanafunzi wa Cambridge, Uingereza, ilianzishwa mwaka 1815, uongozi wa chuo ukaifunga mwaka 1817, ikaruhusiwa tena mwaka 1821, na jengo inalotumia ni la mwaka 1866. Vyuo vyetu vinalijua suala hili katika ngazi ya chuo kizima. Chuo Kikuu cha Dar es Salaam kiliadhimisha miaka 50 mwaka 2011 kwa sababu kinahesabu kuanzia Oktoba 1961, kilipoanza kama chuo kishiriki cha Chuo Kikuu cha London, ingawa kilijitegemea tarehe 1 Julai 1970. Nairobi, kilichojitegemea mwaka huo huo, huhesabu kuanzia 1970 ingawa wanafunzi walikuwepo pale tangu mwaka 1956 katika chuo cha ufundi. Hesabu zote mbili ni halali, mradi chuo kiseme waziwazi kinahesabu kutoka wapi.

Jiwe la msingi lenyewe msilitegemee peke yake. Kibao huchongwa kabla ya siku yenyewe, na mgeni rasmi akiahirisha kuja, tarehe ya zamani hubaki pale pale ukutani. Tafuteni ushahidi wa pili usiotokana na kibao: hati ya makabidhiano kutoka kwa mkandarasi, bili ya kwanza ya umeme au maji, daftari la kuazimia kumbi, gazeti la wanafunzi la wiki ile. Ushahidi ukipingana, andikeni tarehe zote na chanzo cha kila moja. Wasomaji wa kesho watawashukuru zaidi kwa ukweli wenye utata kuliko kwa tarehe moja iliyochaguliwa ili iangukie Jumamosi.

Jambo la pili la kutafuta ni nani aliyelipa. Houston Hall ya Chuo Kikuu cha Pennsylvania, Marekani, iliyofunguliwa Januari 1896, ilitolewa na familia kwa kumkumbuka kijana wao aliyefariki. Willard Straight Hall ya Chuo Kikuu cha Cornell, Marekani, ya mwaka 1925, ilijengwa kwa fedha za mjane wa mtu ambaye jengo lina jina lake. Majengo hayo yanasema wazi fedha zilitoka wapi. Kuna vituo ambavyo wanafunzi wenyewe walikatwa ada ya ujenzi mwaka baada ya mwaka, wengi wao wakahitimu kabla paa halijaezekwa, na kibao kinataja jina la aliyekata utepe tu. Fungueni jedwali za ada za miaka ya kabla ya ujenzi, someni mihtasari ya baraza iliyopitisha makato, na mkiona ada hiyo iko, iandikeni kwenye kibao kipya: miaka iliyokatwa na kiasi kilichopatikana. Ni haki yao.

La tatu ni nani hakuruhusiwa kuingia. Oxford Union, chama cha midahalo cha wanafunzi wa Oxford, Uingereza, ilianza mwaka 1823 na haikupokea wanawake kuwa wanachama mpaka mwaka 1963. Katika Michigan Union, jengo la wanafunzi la Chuo Kikuu cha Michigan, Marekani, wanawake kwa miongo kadhaa hawakuruhusiwa kupita mlango mkuu. Waliingia kwa mlango wa pembeni. Kama jengo lenu ni la zamani, chukueni mchoro wa kwanza wa msanifu mhesabu matundu ya vyoo vya wanaume na vya wanawake. Hesabu hiyo itawaambia chuo kilitarajia wanawake wangapi siku kile kituo kinabuniwa, na huenda pia ikaeleza kwa nini foleni ipo upande mmoja mpaka leo. Hesabuni na ngazi kati ya barabara na ukumbi. Kama hakuna njia ya kiti cha magurudumu, hiyo nayo ni historia ya nani aliyefikiriwa, na ni kazi ya kurekebisha kabla ya sherehe. Mteremko unaotumika kwa kawaida ni 1 kwa 12: ngazi nne za sentimita 15, yaani sentimita 60 kwenda juu, zinahitaji mteremko wa mita 7.2, ukiongeza sehemu tambarare juu na chini. Watu hushangaa urefu huo, wakaishia kumwaga zege fupi lenye mwinuko mkali ambalo hakuna anayeweza kulipanda peke yake.

Tena msiogope migogoro. Kituo cha wanafunzi ndipo maandamano huanzia, migomo hupangwa na barua za kufukuzwa chuo husomwa. Aprili 1969 wanafunzi weusi wa Cornell waliishika Willard Straight Hall kwa zaidi ya siku nzima. Mwaka huo huo chuo kile kikaanzisha kituo chake cha masomo ya Afrika, na leo tukio hilo ni sehemu ya historia ambayo chuo chenyewe hukikumbusha kizazi kipya. Usiku wa tarehe 14 Oktoba 1960, yapata saa nane, John F. Kennedy, akigombea urais wa Marekani, alisimama kwenye ngazi za Michigan Union akawauliza wanafunzi kama wako tayari kwenda kufanya kazi ng'ambo. Mwaka uliofuata Peace Corps, shirika la Marekani la watu wa kujitolea ng'ambo, ikaundwa, na Tanganyika ikawa miongoni mwa nchi za kwanza kupokea wafanyakazi wake. Mahali aliposimama pana kibao. Matukio hayo mawili yanakumbukwa kwa usahihi kwa sababu kuna watu waliotunza picha, magazeti na rekodi za sauti za siku zile.

Pasipotunzwa, hasara haina fidia. Pale Mlimani, kampasi kuu ya Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, wanafunzi walianza kuchapisha jarida la Cheche mwaka 1969 kwa saiklostaili, mashine ya kurudufu karatasi, na mwaka 1970 likapigwa marufuku. Karatasi za saiklostaili za kizazi kile, popote pale, ni dhaifu. Ni za bei nafuu, zina asidi, hugeuka rangi ya kahawia kisha hukatika kwenye mikunjo. Machapisho ya wanafunzi hayakununuliwa na maktaba nyingi kwa kuwa hayakuonekana kuwa vitabu, na uongozi wa chuo haukuyaweka kwenye majalada isipokuwa kama ushahidi wa utovu wa nidhamu. Kwa hiyo angalieni na majalada ya nidhamu. Mara nyingi nakala pekee iliyobaki ya tangazo la mgomo ni ile iliyoambatanishwa na mashtaka.

Sasa twende stoo yenyewe. Siku ya kwanza msihamishe kitu. Pigeni picha ya kila rafu na kila sanduku kama lilivyo, kwa sababu mpangilio wa makaratasi huonyesha ofisi ipi iliyaweka. Vaeni barakoa, vumbi la kinyesi cha panya na popo ni hatari. Kilicholowa kisifunguliwe ukurasa kwa ukurasa. Kisimamishwe penye hewa inayopita, si juani, na kila kurasa kumi hivi ziwekewe karatasi ya kunyonya maji inayobadilishwa mara kwa mara. Ukungu huweza kuanza ndani ya siku mbili, hivyo kazi hiyo haingojei kikao cha kamati. Toeni vibanio vya chuma vilivyoshika kutu na mipira ya kufungia. Msitie karatasi kwenye plastiki ya kuunguzwa kwa joto, hata kama mwenye duka anasema itadumu: joto na gundi yake haviondoki tena, na karatasi iliyo ndani inaendelea kuoza. Masanduku yakae kwenye rafu ya chuma, sentimita 15 juu ya sakafu, mbali na ukuta wa nje na mabomba. Mchwa hupitia ukutani, maji hupitia sakafuni.

Picha ndizo kila mtu atazitaka, na ndizo zinazoharibiwa na nia njema. Msibandue picha iliyoganda kwenye albamu ya plastiki yenye gundi. Iskanini humo humo. Msiandike nyuma yake kwa kalamu ya wino. Tumieni penseli laini, pembeni kabisa, bila kukandamiza. Skani picha ya karatasi kwa dpi 600 (nukta 600 kwa kila inchi) na hati za kawaida kwa dpi 300 hadi 400. Filamu ya milimita 35 inataka 3,000 au zaidi. Faili mama iwe TIFF, aina isiyopoteza ubora, ile ya kusambaza iwe JPEG, aina iliyo nyepesi. Picha ya rangi ya sentimita 10 kwa 15 kwa dpi 600 ni takriban MB 25, kwa hiyo picha 10,000 ni GB 250 tu. Diski mbili za ukubwa wa kawaida na nakala ya tatu nje ya jengo zinatosha. Tunataja hesabu hiyo kwa sababu mara kwa mara kazi hii huahirishwa kwa kisingizio kwamba chuo hakina seva. Faili ipewe jina linaloanza na mwaka, mwezi na siku kwa tarakimu, ili zijipange zenyewe. Tarehe isiyojulikana iandikwe mwaka pekee, na isibahatishwe.

Picha isiyo na majina ni nusu ya picha. Chapeni nakala kubwa, chora muhtasari wa vichwa juu ya karatasi ya kupitisha mwanga, kipe kila kichwa namba, kisha zungusheni kwa waliohitimu miaka ile. Jina likubaliwe likitajwa na watu wawili ambao hawakukaa pamoja kujaza. Wahudumu wa jikoni, wasafishaji na walinzi waliosimama pembeni ya picha wapewe namba pia. Wao walikaa miaka mingi kuliko rais yeyote wa wanafunzi, na ndio wanaojua ukumbi ulipokuwa na mlango upande wa pili.

Kanda za kaseti na video zinahitaji kuwahiwa kuliko karatasi. Mashine za kuzicheza zinaisha, na utepe wenyewe unaanza kunata. Kanda inayolia ikizungushwa, au inayoacha unga kwenye kichwa cha mashine, isimamishwe papo hapo ipelekwe kwa mtaalamu. Sauti ihamishwe kwa faili la WAV, biti 24, kHz 48 au 96. Filamu yenye harufu ya siki itengwe na nyingine siku hiyo hiyo, kwani mvuke wake huharakisha kuoza kwa zilizo jirani. Risiti na faksi za karatasi inayochapwa kwa joto zinafifia zikiwa ndani ya jalada bila mtu kuzigusa. Zinakiliwe kwanza kuliko hati nyingine zote.

Kuhusu mahojiano, tunaomba msianze na mashuhuri. Anzeni na wazee zaidi. Mazungumzo ya dakika 60 hadi 90 yanatosha kwa siku moja, na kila saa moja ya rekodi huchukua saa nne hadi sita kuandikwa neno kwa neno, kwa hiyo watu 30 waliohojiwa bila fedha za kuandika ni mafaili 30 yasiyosomwa na mtu. Afadhali watu 12 kazi ikamilike. Zimeni feni na friji, wekeni kinasa sauti karibu na msemaji, jaribuni dakika moja na kuisikiliza kabla ya kuendelea. Swali la "maisha yalikuwaje enzi zenu?" huzaa hotuba. Wekeni mchoro wa jengo mezani muulize: ukiingia mlango huu, kushoto kulikuwa na nini? Ufunguo wa ukumbi ulikaa kwa nani? Tangazo likibandikwa bila mhuri, nani alilitoa? Mkutano ukipigwa marufuku, mlihamia chumba gani? Mkono wa mzee ukianza kusogea juu ya mchoro, majibu hufuata. Kabla ya kurekodi, asaini fomu inayosema rekodi itatumikaje, sehemu gani zifungwe na kwa miaka mingapi, na kwamba ana haki ya kuiondoa. Anayesimulia mgomo anaweza kuwa anamtaja mtu aliye hai.

Jengo lenyewe nalo ni hati. Kabla hamjalipaka rangi ya jubilei, lipimwe. Rangi mpya ndiyo inayoficha dalili ambazo fundi alihitaji kuziona. Pandeni kwenye paa bapa baada ya mvua: dimbwi likibaki zaidi ya siku mbili, mteremko umekufa au mdomo wa bomba la maji umeziba kwa majani na vifuko. Zege linalobambuka na kuonyesha nondo lisizibwe kwa lipu. Saruji inapoingiwa na hewa ya ukaa hupoteza uwezo wake wa kuikinga nondo, nondo hupata kutu, kutu huvimba na kusukuma zege nje. Fundi akivunja kipande na kunyunyizia kemikali iitwayo fenolfthaleini, sehemu iliyo salama hugeuka waridi na sehemu iliyodhoofika hubaki bila rangi. Rangi hiyo ikianzia nyuma ya nondo badala ya mbele yake, lipu mpya ni kupoteza fedha. Jengo la kati ya miaka ya 1950 na 1980 lidhaniwe kuwa na asbesto paani au kwenye dari mpaka vipimo vikanushe, na mpaka hapo pasitobolewe, pasisuguliwe, wala pasioshwe kwa maji ya kasi.

Umeme ndio unaotutia hofu zaidi. Nyaya ziliwekwa kwa ajili ya taa, feni chache na redio. Sasa hesabuni kompyuta 100 zinazochajiwa kwa wati 65 kila moja: ni wati 6,500, yaani karibu ampea 28 kwa volti 230. Saketi ya soketi ya ampea 32 imekwisha kabla hamjachomeka birika moja. Wanafunzi wanaunganisha ekstensheni juu ya ekstensheni si kwa ukaidi, bali kwa kuwa soketi ni mbili katika ukumbi mzima. Anayeweka waya mnene badala ya fyuzi inayokatika kila mara ameondoa kinga pekee iliyokuwepo. Ongezeni saketi, kila moja na breka yake, na mchoro mpya ubandikwe ndani ya mlango wa kisanduku.

Usiku wa sherehe ndio usiku ambao jengo litabeba watu wengi kuliko siku nyingine yoyote. Chukueni ukumbi wa mita 20 kwa 15. Kwa meza na viti, nafasi ya mita moja ya mraba kwa mtu, ni watu 300. Kwa kusimama na kucheza, nusu mita ya mraba, ni 600. Lakini sakafu haiamui peke yake. Kanuni za Uingereza, kwa mfano, hutaka milimita 5 za upana wa mlango kwa kila mtu, tena baada ya kuutoa mlango mmoja ulio mpana kuliko yote kama vile umezibwa na moto. Ukumbi wenye milango mitatu ya milimita 1,500 unabaki na milimita 3,000: watu 600 kamili. Mlinzi akitia kufuli mlango mmoja kati ya iliyobaki ili wasio na kadi wasiingie, uwezo umeshuka hadi 300, na waliomo ndani ni 600. Fuateni kanuni za nchi yenu, ila hesabu hii ifanyike kabla ya kadi kuchapwa, na jina la mwenye funguo za kila mlango liandikwe.

Mkiamua kuchora ukutani, kumbukeni Oxford Union. Mwaka 1857 mchoraji Dante Gabriel Rossetti na wenzake, akiwemo William Morris, walipaka picha kwenye kuta mpya za ukumbi wa midahalo, juu ya chokaa nyembamba, matofali yakiwa bado na unyevu. Zikaanza kufifia karibu mara moja, na kizazi baada ya kizazi kimelazimika kuzihangaikia. Lipu mpya ya saruji ipewe angalau wiki nne kukauka, ipakwe rangi ya kwanza inayostahimili magadi ya saruji, na ukuta unaovuja usichorwe kabisa. Kibao cha shaba kisifungwe kwa skrubu za chuma cha kawaida. Huota kutu na kuacha michirizi. Sanduku la kumbukumbu la kufukiwa, kama ni lazima, liwe la chuma kisichoshika kutu, lisizikwe chini ya msingi ambako maji hufika, lisiwe na betri wala vitu vya mpira, na lisitegemee kadi za kumbukumbu za kompyuta, ambazo hupoteza data zikikaa miaka mingi bila umeme. Mahali lilipo paandikwe kwenye mchoro wa jengo, maana masanduku ya namna hii hupotea kwa sababu waliojua yalipo wamestaafu.

Tumeliacha mwisho lile linalotugusa kuliko yote, nalo ni makabidhiano. Yote hayo yatafanyika mara moja, kisha kituo kitaanza kusahau upya mwezi unaofuata, kama utaratibu wa makabidhiano haukubadilishwa. Tunapendekeza hivi. Kila uongozi wa wanafunzi unaoondoka ukabidhi kwa mtunza kumbukumbu wa chuo mihtasari iliyosainiwa, katiba iliyotumika mwaka huo pamoja na marekebisho, bajeti na hesabu zilizokaguliwa, matokeo ya uchaguzi kwa kila nafasi, nakala mbili za kila bango na tangazo, na picha 100 zilizochaguliwa zenye majina. Picha 6,000 zisizo na majina zisipokelewe. Barua pepe na kurasa za mtandao zisajiliwe kwa anwani ya ofisi, na nakala ya data yake ipakuliwe kila mwaka kabla ya nywila kubadilishwa. Maamuzi yaliyofanywa kwenye makundi ya simu yahamishiwe kwenye muhtasari wa kikao kinachofuata, vinginevyo yatapotea na simu. Na sahihi ya mtunza kumbukumbu iwe miongoni mwa sahihi ambazo viongozi hao huzihitaji kwenye fomu ya kuondokea chuoni. Hapo ndipo nguvu ilipo: bila sahihi hiyo, utaratibu mzuri hudumu kwa muda ambao aliyeuanzisha bado yupo.

Kwa upande wenu, chuo kitoe risiti ya kila sanduku na kiahidi kwa maandishi kwamba nyaraka za wanafunzi hazitatumika kuwashtaki waliozikabidhi. Bila ahadi hiyo mtapewa mabango na picha za keki, na mihtasari ya mikutano mizito itabaki majumbani.

Kwa hiyo, waheshimiwa, tunaomba kila chuo ambacho kituo chake kinafikisha miaka 25, 50, 75 au 100 ndani ya miaka mitatu ijayo kitangaze mambo manne ndani ya siku 60: nani ana ufunguo wa stoo, nani atalipima jengo na lini, fungu la bajeti la kumbukumbu ni kiasi gani likiwa limetengwa na lile la sherehe, na lini sharti la makabidhiano litaingizwa kwenye kanuni za serikali ya wanafunzi. Orodha ya nyaraka zilizopatikana ichapishwe kabla ya kadi za mwaliko, ili waliohitimu waone kinachokosekana na walete kilichopo kwao.

Wenu katika kazi,

Watunza kumbukumbu, mafundi wa majengo na wahudumu wa vituo vya wanafunzi